Mlenda wa Mke wa Rajabu

Tangu wahamie Nkuhungu, Asma hakuwahi kununua hata kitunguu kimoja kwa mkono wake.

Si kwamba alikatazwa. Mumewe, Rajabu, hakuwa mtu wa kukataza. Ila alikuwapo wifi yake, Anifa, mdogo wake Rajabu, mwanamke mchangamfu mwenye sauti ya kusikika hadi nyumba ya tatu. Anifa alikuwa akija na bajaji kutoka Makole mara mbili kwa juma, anashuka na kapu limefura: mchele, nazi, nyanya, mchicha, nyama, sukari. Anaingia moja kwa moja jikoni, anapanga vitu kabatini kama anavyoona yeye, kisha anamwambia Asma, "Wifi, wewe pumzika. Umepata tabu ya kutosha. Sokoni huku wakikusikia unavyosema tu, watakuchuna ngozi."

Asma alielewa nusu. Nusu nyingine aliisoma usoni mwa Anifa, na usoni hamkuwa na ubaya wowote. Ndiyo maana hakujua amlaumu nani.

Alikuwa mtu wa Omdurman, mji unaotazamana na Khartoum kuvuka mto. Rajabu alikwenda huko kusomea kazi ya maabara, akabaki kufanya kazi, akamwoa. Vita vilipowafikia mlangoni walitoka na begi moja kila mtu, wakapita Misri, wakakaa huko wakingoja mambo yatulie. Hayakutulia. Rajabu akamleta mkewe kwao Dodoma, akapata kazi Chamwino, wakapanga nyumba Nkuhungu. Nyumbani walizungumza Kiarabu. Nje ya mlango Asma alikuwa bubu. Mitaani walimwita mke wa Rajabu, naye akaitika.

Chakula alichokula kilikuwa kizuri, lakini kilikuwa cha Anifa. Nazi kwenye maharage, nazi kwenye wali, nazi kwenye samaki. Siku moja Anifa alileta nyama nzuri isiyo na mifupa. Asma akaikata vipande virefu vyembamba, akavipaka chumvi, akavitundika kwenye kamba ya nguo uani, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Jua la Dodoma na upepo wake mkavu alivipenda kwa sababu hiyo moja: vilijua kukausha. Akaenda kulala mchana. Alipoamka alimkuta Anifa, aliyekuwa amerudi kuchukua simu aliyoisahau, ameianua nyama yote na kuikaanga.

"Wifi!" Anifa alicheka, mwiko mkononi. "Nani kakwambia nyama inaanikwa kama soksi?"

Tangu siku hiyo Asma alianika kidogo kidogo, dirishani mwa chumba cha kulala, na ikikauka aliifungia kwenye kopo la biskuti.

Mwezi wa tisa, upepo ukiwa umeshika kasi, Anifa akasafiri kwenda Kondoa kwenye harusi ya ndugu wa upande wa mama. Mama yao, Bi Mgeni, hakwenda kwa sababu ya magoti. Akampigia Rajabu simu. "Jumamosi nitakuja kula mchana kwenu. Nyumba hii bila Anifa imekuwa kimya."

Bi Mgeni alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno. Kila alipokuja Nkuhungu alikaa wima kama yuko hospitali anasubiri kuitwa, akala kidogo, akashukuru, akaondoka. Hakuwahi kumuuliza Asma jambo lolote kuhusu kwao. Asma alidhani hajali, na kwa sababu hiyo alimwogopa.

"Nitanunua kuku nikitoka kazini kesho," Rajabu alisema Alhamisi jioni.

"Nitakwenda mimi," Asma akajibu.

"Wapi?"

"Sokoni. Nitanunua kuku, mchele na mboga. Nimekulia sokoni, Rajabu. Nilikuwa nikimfuata mama kila asubuhi."

Asubuhi Rajabu alimwachia hela mezani, na jina la soko akamfundisha kulitamka: Majengo.

Dereva wa bajaji alimshusha karibu na lango. Asma akasimama kwanza. Ile harufu ya nyanya zilizopondeka, dagaa na mkaa ilimfanya apunguze pumzi, kama mtu anayetaka kusikiliza. Kisha akaingia.

Alianza vibaya. Kwenye meza ya kwanza palikuwa na kijana wa rika la kumaliza shule, anapanga vitunguu mafungu mafungu. Asma alijua salamu moja ya heshima, akaitoa kwa uangalifu: "Shikamoo."

Kijana akashika kifua. "Marahaba, mwanangu! Hujambo?"

Meza za jirani zikaangua kicheko. Asma hakujua kosa lake, lakini alijua kicheko cha sokoni kinavyokuwa, kwamba hakikai. Ukicheka nacho kinapita. Akacheka. Kijana akamwongezea kitunguu kimoja juu ya fungu.

Mbele kidogo akaona bamia. "Bamia?" akauliza, kwa kuhakikisha.

"Ndiyo, mama, bamia. Laini, za leo asubuhi."

Akaganda. Alikuwa amelitamka kwa Kiarabu, na limeitikiwa kwa Kiswahili. Akanyoosha kidole kwenye limau. "Laimun?"

"Limau."

"Thum?"

"Thumu ndiyo hizi, kitunguu saumu." Mwanamke mwenye meza akaanza kuufurahia mchezo. Akataja bei. Asma akajaribu neno ambalo mama yake alilitumia kila siku ya Mungu, mkono kiunoni, kichwa pembeni: "Ghali!"

"Haa! Ghali anaijua huyu!" mwanamke alipiga makofi. "Haya, njoo tuelewane."

Wakaelewana. Asma akatembea na mfuko wake akiwa mrefu zaidi kuliko alivyoingia. Alikuwa anakwenda kutafuta kuku.

Hakufika kwenye kuku. Upande wa nyuma, karibu na wauza nafaka, wanawake waliotoka vijijini walikuwa wameketi chini, viroba vimefunguliwa midomo mbele yao. Mmoja wao, mama wa makamo aliyejifunga kitenge cha rangi ya udongo, alikuwa na karanga, unga wa uwele, na kiroba cha unga mwingine wa kijani kilichofifia, wa chengachenga. Jina lake lilikuwa Evarista, ingawa Asma alilijua baadaye. Asma akachuchumaa. Akachukua chengachenga kidogo kwa vidole viwili, akanusa. Akachovya kidole kwenye tone la maji lililokuwa pembeni ya ndoo, akasugua. Unga ukaanza kuteleza, ukavutika kama uzi kati ya kidole na kidole.

Kwao huo unga walikuwa wakiupata kwa bamia zilizokaushwa na kutwangwa, na haukukosekana jikoni mwa mama yake mwaka mzima. Jina lake ni weka.

"Weka," alisema Asma kwa sauti ndogo.

"Niweke?" Evarista akachukua kopo, akachota, akamimina mfukoni. "Hii hapa. Mlenda mzuri, nimeuchuma na kuukausha mwenyewe."

"Weka!" Asma akasema tena, macho yanang'aa, anaonyesha kiroba.

"Bado?" Evarista akachota kopo la pili.

Asma aliona huyu mama hajaelewa. Alitaka kumwambia kwamba kitu hiki anakijua, kwamba kina jina, kwamba amekila tangu hajaota meno. Hakuwa na maneno hayo. Alikuwa na moja tu. "Weka! Weka!" akarudia, mkono kifuani, kisha mkono kirobani, kisha kifuani.

"Jamani, nimesikia, dada yangu, naweka." Evarista akachota, akachota, akawaambia wenzake, "Huyu ana shughuli nyumbani, si bure. Labda wana matanga." Kiroba kikabonyea. Alipofika chini akakikung'uta. "Umemaliza. Wote?"

"Weka," alisema Asma, sasa machozi yanamlengalenga.

Wanawake wakatazamana. Evarista akamwangalia vizuri usoni, akaacha mzaha. "Pole, mwaya," akasema. Akapokea noti, na kwa kuwa mteja amemaliza kiroba, akachota unga wa uwele akaufunga kwenye mfuko mdogo, akauweka juu. "Hii nyongeza. Mlenda hauendi na wali."

Ni nyumbani, alipomimina ule mfuko kwenye beseni na beseni likajaa, ndipo Asma alipohesabu alichokuwa nacho na kuona hana hela ya kuku. Akakaa kwenye kigoda. Rajabu akapiga simu kuuliza safari ilikuwaje.

Asma akamweleza. Alipofika pale pa "weka, weka", upande wa pili wa simu ukasikika mlio kama wa mtu aliyepaliwa.

"Unacheka nini?"

"Asma," Rajabu alisema pumzi zilipomrudia, "unajua weka kwa Kiswahili ni nini? Ni kumwambia mtu atie. Ulikuwa unamwambia, tia! Tia! Tia!"

Asma alikasirika kwa muda mfupi sana. Kisha akaiona picha nzima, yule mama na kopo lake, yeye na mkono wake kifuani, naye akacheka mpaka akashika ukuta.

"Lakini sikiliza," Rajabu akasema baadaye, sauti imetulia. "Mama hali mlenda. Makole kwetu haujawahi kupikwa. Bibi yangu alikuwa akisema ni chakula cha porini, na watu wa nyumba yetu ni wa mjini tangu enzi za misafara. Kesho nitapita mjini nichukue kuku wa kukaanga. Usihangaike."

"Chakula kipo," alisema Asma.

"Asma."

"Chakula kipo, Rajabu. Nimekinunua mwenyewe."

Jumamosi asubuhi Rajabu akaenda zamu yake Chamwino, na Asma akaingia jikoni. Akakaanga vitunguu vingi, vingi kuliko Anifa angeruhusu, mpaka vikawa vya kahawia. Akatoa nyama kavu kwenye kopo la biskuti, akaitwanga, akaitia. Thumu, nyanya, pilipili manga, maji. Yalipochemka akanyunyiza ule unga wa kijani kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia unapekecha kwa mwiko bila kupumzika, kwa sababu ukipumzika unafanya mabonge. Mchuzi ukaanza kuvutika. Akaonja. Haukuwa sawasawa na wa kwao. Ulikuwa na uchungu kidogo wa majani ambao bamia hazina. Lakini ulikuwa karibu sana, kama sauti ya dada wa mtu unayemjua.

Ugali wa uwele akausonga laini, akaukandamiza kwenye bakuli lililopakwa mafuta, akaupindua katikati ya sinia, ukatua kama kilima. Mchuzi akaumimina kuuzunguka.

Bi Mgeni alifika adhuhuri imeshapita, ameswali tayari. Asma akamwamkia, safari hii akijua anayestahili shikamoo, maana Rajabu alikwisha mweleza. Akamnawisha mikono. Akaweka sinia mkekani.

Bi Mgeni alitazama sinia kwa muda.

"Hiki nini?"

"Mlenda, mama," alisema Asma. Neno alikuwa amelifanyia mazoezi tangu jana.

"Naona ni mlenda." Akainua macho. "Nani kakufundisha? Anifa?"

"Hapana. Mama yangu."

"Mama yako huko Uarabuni anapika mlenda?"

"Ndiyo, mama. Sisi... kila siku."

Bi Mgeni akamega tonge dogo, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachovya, akaukata uzi wa mlenda kwa kuzungusha mkono mara moja, haraka, bila kudondosha hata tone. Asma aliuona ule mzunguko wa mkono. Hakuna mtu anayezaliwa nao, hufundishwa utotoni.

Akala. Akamega la pili. Asma hakula, alikuwa anamtazama.

"Kula, mwanangu, kisipoe," alisema Bi Mgeni. Kisha, baada ya tonge kadhaa, "Nyama hii umeianika, kama ile ya kwanza?"

"Ndiyo, mama."

"Anifa alinisimulia, akacheka sana. Mimi sikucheka. Kwetu milimani tulikuwa tunaianika juu ya moshi." Akafuta kidole pembeni mwa sinia. "Unajua mimi si mtu wa Makole? Mimi Mrangi wa Kondoa. Nimeletwa hapa bibi harusi, Kiswahili changu chenyewe cha kuokoteza. Mwezi wa kwanza nikapika mlenda, nikampelekea mama mkwe. Nilitaka kumfurahisha. Akausukuma hivi, kwa kidole kimoja. Akaniambia, 'Humu ndani hatuli vya kuteleza.'"

Aliyasema taratibu, akichagua maneno mepesi, na pale Asma alipokunja uso alirudia kwa mikono. Ule mkono wa kusukuma sahani haukuhitaji mkalimani.

"Wewe ukafanya nini?" Asma akauliza.

"Nilikula wali. Ningefanya nini? Nimekula wali mpaka watu wakasema Bi Mgeni hapendi mlenda, na mimi nikaitikia." Akamega tena. "Huu wako una thumu nyingi mno. Lakini mzuri."

Walimaliza sinia. Bi Mgeni alikataa kiti, akajisogeza ukutani, akanyoosha miguu kwenye mkeka kwa mara ya kwanza tangu nyumba hiyo ipangwe. Asma akaleta chai. Upepo ulikuwa unatimua vumbi nje na mlango umerudishiwa.

"Sijakuuliza mambo ya kwenu," Bi Mgeni alisema, akiangalia kikombe. "Rajabu alinikataza mlipokuja. Aliniambia, mama, usimkumbushe. Nami nikaogopa kukutonesha. Sasa nakuuliza, usipotaka usijibu. Sokoni kwenu wanauza nini?"

Asma akavuta mto, akakaa karibu, akaanza. Aliingia soko la Omdurman kwa mlango ambao mama yake alipenda kuingilia. Kulia wauza viungo. Kushoto wauza tende, na mzee wao aliyekuwa akimwita bint. Pale aliposhindwa neno alilijaribu kwa Kiarabu, na mara nyingi Bi Mgeni alilidaka: sukari, samli, sabuni, bilauri. Lilipokosekana kabisa alilichora kwa kidole kwenye vumbi la sakafuni. Wakapita kwa wauza dhahabu, wasinunue. Wakapita kwa wauza vikapu. Bi Mgeni aliuliza maswali ya mtu anayetaka kununua: wanapima kwa kopo au kwa mizani? Wanakuruhusu kuchagua mwenyewe? Wakikuona mgeni wanapandisha?

Rajabu alirudi jioni inaanza, zamu imemchelewesha, mfuko wa kuku wa kukaanga mkononi, uso una wasiwasi. Akamkuta mama yake amenyoosha miguu na mkewe anapaa samaki wa hewani, mkono mmoja unashika mkia, wa pili unaparuza.

"Mama, shikamoo. Mmekula? Nimewaletea..."

"Marahaba. Kaa kimya, baba," Bi Mgeni alisema. "Tumefika kwa wauza samaki."

Rajabu akakaa mlangoni na mfuko wake. Asma akaendelea, samaki wakaisha, wakatoka upande wa pili, ambapo wanawake waliuza chai na kahawa chini ya vivuli vya maturubai. Mmoja wao alikuwa rafiki wa mama yake. Hapo Asma akasita.

"Yuko wapi sasa?" Bi Mgeni aliuliza.

"Sijui, mama. Mama yangu yuko Misri kwa kaka. Huyu, sijui. Soko pia, sijui."

Bi Mgeni hakusema Mungu ni mkubwa wala kila jambo lina sababu. Alimshika Asma kiganja, akakiweka gotini kwake, akakaa nacho. Kisha akauliza, "Kahawa yake alikuwa anaitia tangawizi?"

"Nyingi," alisema Asma.

"Basi alikuwa anajua."

Anifa aliporudi Makole kutoka Kondoa na kuchukua kapu, mama yake alimwambia aliache, mke wa kaka yake anakwenda sokoni mwenyewe. Anifa akanuna. Alisema hivi ndivyo wema unavyolipwa, na kwa siku kadhaa hakuonekana Nkuhungu. Jumamosi iliyofuata Asma alimpitia Makole kwa bajaji, bila kumtaarifu, akasimama mlangoni na mfuko mtupu kwapani.

"Wifi, twende," alisema. "Mimi kuku sijui kuchagua. Wa kwetu wembamba."

Anifa alimwacha asimame pale kidogo, kwa kuonyesha tu kwamba amenuna kweli. Kisha akaingia ndani kutafuta viatu, huku anaongea kwa sauti ya kusikika mtaa mzima kwamba kuku lazima ashikwe kifuani, si mgongoni, na kwamba mtu asiyejua hilo ataletewa mifupa.